Shika Daftari: Namna ya Kupima Ukweli wa Mgombea Hapa Lamu

Tarehe 10 Agosti 2027, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, tutapanga foleni tena na kupewa karatasi sita za kura: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Kabla ya siku hiyo maboti yenye vipaza sauti yatapita kutoka Mokowe hadi Kizingitini, na kila baraza ya nyumba itakuwa na mtu wa kumsemea fulani. Yatasemwa mengi. Mwongozo huu nimeuandika kwa mpiga kura mwenye simu, daftari na nauli ya boti ya safari moja au mbili, aweze kujua lipi katika hayo mengi ni la kweli.

Huku kwetu mtu tunampima kwa ukoo, kwa salamu zake, kwa kuonekana msikitini na mazikoni. Nami namheshimu anayekuja kuzika na watu. Ila nimeishi vya kutosha kuona mtu mpole, mwenye kuswali safu ya mbele, akisimama mbele ya umati na kusema uongo mtupu juu ya gati. Tabia njema hujibu swali moja, na hesabu ya pesa za umma hujibu swali jingine. Hili la pili ndilo linalotupita kila uchaguzi, kwa sababu hatuulizi.

Jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Anza na mgombea wako, yule unayetaka kumpigia. Ukianza na mpinzani utakuwa unatafuta fimbo ya kumpigia, na lolote utakaloliokota utaliamini upesi. Ukianza na unayempenda, mkono huzoea kupima sawa.

Hatua ya kwanza: andika alivyosema, neno kwa neno

Nunua daftari dogo. Kila mkutano uwe na ukurasa wake: tarehe, mahali, cheo anachowania, kisha maneno yake kama yalivyotoka kinywani. Kama amesema kwa Kiamu au Kibajuni, andika hivyo hivyo, usimsafishie. Simu ikiwa na chaji, rekodi. Mkutano wa hadhara ni wa hadhara, huhitaji ruhusa ya mtu. Ukiwa nyumbani kwa watu, omba kwanza.

Sababu ni kwamba maneno ya kampeni hayakai mahali pamoja. "Nilijenga" ya Jumamosi huwa "nilisaidia kujenga" ifikapo Jumatano, na Ijumaa huwa "nilikuwapo likijengwa." Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na asiyeandika huyasikia kama jambo moja. Tena ukimwendea mtu na maneno ambayo hakuyasema, atakukana mbele ya watu, na hapo wewe ndiwe utakayeonekana mwongo.

Hatua ya pili: yatenganishe maneno yake

Ukifika nyumbani, soma ulichoandika na uweke alama pembeni. Kuna maneno ya jambo lililokwisha kutendeka: "nimewasomesha watoto mia mbili," "mimi ndiye niliyewasimamisha wale wa makaa ya mawe." Hayo yanaweza kupimwa leo. Kuna ahadi, ambazo hupimwa kwa mamlaka na kwa pesa, nitafika hapo. Na kuna sifa na kejeli: "mimi ni mtoto wa hapa, yule ni mgeni." Hayo yaache yapite na upepo, usipoteze bando lako juu yake.

Mara nyingi katika hotuba ya nusu saa utabaki na sentensi nne au tano za kupima. Zinatosha sana. Chagua mbili.

Hatua ya tatu: uliza kama cheo kile kina uwezo huo

Hapa ndipo wengi wetu tunapodanganywa, na uongo wenyewe hauhitaji karatasi yoyote ya siri kuufichua. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi baina ya serikali ya kitaifa na kaunti, na kila mtu anaweza kulisoma.

Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, barabara za kaunti, taa za barabarani: hizo ni kazi za kaunti. Na kwetu sisi watu wa visiwani kuna maneno ya kukariri pale: vivuko na bandari ndogo nazo ni za kaunti, isipokuwa mambo ya usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Kwa hivyo anayewania ugavana akikwambia kuwa magati ya vijijini ni shauri la Nairobi, mkumbushe Jedwali la Nne. Bandari kubwa ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ni ya serikali ya kitaifa. MCA anayeahidi kuwaandika vijana kazi pale anaahidi ufunguo wa nyumba isiyo yake.

Polisi ni wa kitaifa. Shule za msingi na za upili ni za kitaifa. Hatimiliki za ardhi, ambazo kila kampeni hapa Lamu huzungukia, hutolewa na serikali ya kitaifa. Gavana anaweza kupiga kelele, anaweza kupeleka kesi, anaweza kukaa na waziri, lakini hawezi kutia saini hati yako. Akisema "nitahakikisha nasukuma jambo hili," amesema kweli inayowezekana. Akisema "mwaka wa kwanza kila mtu atakuwa na hati mkononi," ameahidi asilokuwa nalo.

MCA kazi yake kubwa ni kutunga sheria za kaunti na kumchunga gavana. Tuna wadi kumi: Faza, Kiunga na Basuba upande wa Lamu Mashariki, kisha Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari upande wa Lamu Magharibi. Katika wadi zote kumi nadhani hakuna mgombea ambaye hakuwahi kuombwa barabara ya lami na wananchi wenyewe. Kwa hivyo lawama nyingine ni zetu, tunawaomba wasichoweza nao wanaona aibu kusema hawawezi.

Mbunge naye mara nyingi hujisifu kwa madarasa na basari. Madarasa mengi yamejengwa kwa pesa za CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ambazo ni za umma na hukaguliwa kila mwaka. Swali la kumuuliza ni fupi: kwa mamlaka gani, na kwa pesa kutoka wapi?

Hatua ya nne: tafuta karatasi

Usitishike na neno "karatasi." Nyingi ziko wazi, na hugharimu bando tu. Zimeandikwa kwa Kiingereza, nalo ni tatizo la kweli kwa wazee wetu. Mkalishe mjukuu aliyesoma, mpe chai, akusomee.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ndizo ninazozipenda zaidi. Hukagua serikali ya kaunti, bunge la kaunti, na hata CDF ya kila eneo bunge peke yake. Ukifungua ripoti ya eneo lako utakuta miradi imetajwa kwa majina: darasa fulani lililipiwa lakini halijakamilika, zahanati fulani imekamilika lakini haitumiki. Mwaka wa fedha huisha 30 Juni, na Katiba humpa mkaguzi miezi sita, yaani hadi mwisho wa Disemba, kutoa ripoti. Msimamizi wa Bajeti naye hutoa ripoti kila robo mwaka kuonyesha kaunti imetumia kiasi gani katika maendeleo na kiasi gani katika mishahara na safari. Kama mgombea alikuwa madarakani, hapo hana pa kujificha.

Aliyekuwa bungeni ana Hansard, kumbukumbu ya kila alichosema ukumbini. Akidai "niliwatetea wavuvi bungeni," tafuta jina lake na neno wavuvi.

Hukumu za mahakama hutolewa bure katika tovuti ya Kenya Law, na kwetu Lamu hukumu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mambo makubwa yaliamuliwa huko. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, likasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo nimewasikia wanasiasa wa kila rangi wakisema "mimi ndiye." Fungua hukumu. Waliokwenda kushtaki wameandikwa ukurasa wa kwanza, jumuiya ya Save Lamu na wenzao, na mawakili wao wametajwa. Kama mgombea hayumo, huenda alisaidia kwa njia nyingine, basi aitaje njia hiyo na tarehe.

Usipoipata karatasi mtandaoni, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki, na sheria imesema wazi kwamba unaweza kuandika kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza unaitakia nini habari hiyo. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ndiye aandike. Barua yenyewe iwe fupi hivi:

"Kwa Katibu wa Kaunti. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa gati la kijiji cha ........, jina la mkandarasi, kiasi kilicholipwa hadi leo, na tarehe mradi ulipokabidhiwa. Mimi ni raia wa Kenya, kitambulisho nambari ......... Majibu nitayachukua mwenyewe ofisini."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo. Kuomba hakuna malipo. Unalipia gharama za nakala tu.

Hatua ya tano: nenda ukaone, na nenda maji yakipwa

Gati lolote hupendeza maji yakijaa. Boti inagusa ngazi, watu wanashuka na viatu vyao, picha inapigwa. Nenda siku ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa, ndipo utajua kama aliyelijenga alikuwa anawafikiria abiria au alikuwa anaifikiria picha. Nimesimama juu ya gati jipya, saruji bado nyeupe, nikamtazama mama mjamzito akishushwa botini hatua hamsini kutoka ngazi ya mwisho. Kijana alimbeba mgongoni, mwingine anafuata na kikapu kichwani, wote matope hadi magotini. Gati lilikuwapo. Mgombea hakusema uongo kuwa lipo. Alichosema ni kwamba "wanawake wetu hawatakanyaga tope tena," na hilo ndilo nililoliandika daftarini pamoja na tarehe.

Ukifika kwenye mradi tafuta kibao. Vibao vya miradi ya umma huandikwa nani anafadhili, nani mkandarasi, na mara nyingi kiasi cha pesa. Kipige picha. Huenda ukakuta mradi ambao wagombea watatu wanaugombania ulilipwa na ofisi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa ndani yake. Kisha zungumza na anayeutumia kila siku: nahodha wa boti, muuguzi, mwalimu, mama anayechota maji. Waulize wawili wasiojuana.

Hatua ya sita: elimu na kesi

Hili halihitaji maneno mengi. Sheria inamtaka gavana awe na digrii. Kwa mbunge na MCA Mahakama Kuu ilishaliondoa sharti hilo, kwa hivyo asiye na digrii usimcheke, hana kosa. Anayesema anayo ilhali hana ndiye mwenye neno la kujibu. Chuo kinaweza kuulizwa kwa barua.

Kuhusu kesi, watu husema "ana kesi, hawezi kusimama." Siyo. Katiba inamzuia aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, na hata huyo hazuiwi mpaka njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Kwa hivyo andika kilichopo: ameshtakiwa, au amehukumiwa, au amekata rufaa. Usiyachanganye.

Hatua ya saba: muulize mwenyewe, mbele ya watu

Swali zuri lina tarehe, lina maneno yake, lina ulichokiona, na lina alama moja tu ya kuuliza. Salamu kwanza, heshima kamili. Niliwahi kumsikia mama mmoja akiuliza hivi, na mpaka leo sijasikia swali lililopangwa vizuri zaidi:

"Mheshimiwa, as-salaam alaykum. Mwezi jana tarehe nne ulisema hapa hapa kuwa umetujengea madarasa matatu. Tumekwenda, tumeona mawili. La tatu liko wapi?"

"Mama, wewe umetumwa."

"Sijatumwa, mheshimiwa. Nina mjukuu gredi ya nne pale pale. La tatu liko wapi?"

Hakupandisha sauti. Hakumwita mwongo. Alilirudia swali kama mtu anayegonga mlango ambao anajua ndani mna watu, na uwanja wote ukanyamaza kumsubiri mheshimiwa.

Sikiliza jibu kwa makini. Akitaja jina, kiasi na tarehe, andika, kisha ukapime. Akisema "nimekosea, ni mawili, la tatu liliingia kwenye bajeti likakwama," mtilie alama nzuri na uwaambie watu kuwa amekiri. Mgombea anayekubali kosa mbele ya umati ni nadra na anastahili kutajwa kwa hilo. Akikuuliza ukoo wako, akigeuza kuwa mambo ya dini au kabila, akimnong'oneza kijana wake akupe bahasha, basi hajajibu. Akiapa, andika kwamba ameapa, kisha swali lirudi.

Kina mama ambao hawapendi kusimama mikutano ya wanaume, wagombea huja hadi uani kuomba kura. Hapo ndipo penu. Andikeni maswali mapema na mmoja ayasome kwa niaba ya wote.

Hatua ya nane: na anayezushiwa je?

Hili naliandika kwa uchungu. Kampeni moja iliyopita nililetewa picha ya jumba la ghorofa, likiwa na maelezo kwamba ni la mgombea fulani, amelijenga kwa pesa za dawa za zahanati. Nilikuwa simpendi mtu yule. Sikuuliza hata moja, nikaituma kwenye kundi la wanawake wa mtaa, na chini yake nikaandika neno "mwizi." Baada ya siku mbili mpwa wangu aliitafuta picha ile kwa simu yake akaikuta kwenye tangazo la nyumba zinazouzwa, nchi nyingine kabisa. Nilifuta, lakini ilikuwa imeshasambaa.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Alinipokea mama yake, akanimiminia kahawa, akakaa kimya mpaka kikombe kikaisha. Kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe uliiona kwenye simu. Sisi tuliisikia kwa watoto, wametoka shule wanalia." Sikuwa na la kusema.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma: itafute picha kwa Google Lens, ni kazi ya dakika moja. Tazama miti, nambari za magari, lugha ya vibao. Ukurasa wa gazeti ukiletwa kama picha, fungua tovuti ya gazeti lenyewe uone kama habari hiyo ipo. Sauti iliyorekodiwa siku hizi inaweza kutengenezwa na kompyuta ikafanana na mtu mpaka mkewe akadanganyika, hivyo muulize aliyekutumia ameipata kwa nani, na huyo kwa nani. Mnyororo ukikatika, usiitume. Na ukikosea, sahihisha pale pale ulipokosea, kwa kundi lile lile.

Hatua ya tisa: pa kupeleka

Pingamizi juu ya sifa za mgombea hupelekwa kamati ya migogoro ya IEBC, tume ya uchaguzi, baada ya uteuzi, nayo hupewa siku kumi kuamua, kwa hivyo karatasi zako ziwe tayari kabla. Mambo ya maadili na mali ya umma ni ya EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Hongo ya kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kwa anayetoa na kwa anayepokea. Najua unga ukiletwa nyumba isiyo na chakula maneno haya huwa mazito, nami simhukumu mama wa nyumba hiyo. Nasema tu ajue sheria inasemaje, na ajue kwamba kura yake haionwi na mtu.

Hesabu ya siku

Ofisi ya umma ina siku 21 kujibu barua yako, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja. Kimya huhesabiwa kuwa ni kukataliwa, na hapo una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko ya wananchi juu ya ofisi za umma. Barua ikigongwa muhuri mapema Februari 2027, majibu yanaweza kuwa mkononi katikati ya Machi. Ni wakati ambao kaskazi inalegea na bahari inatulia. Ukichelewa mpaka Juni na Julai, kusi imekaza, na safari ya Kiunga au Ndau itakuwa ya kulowa na kutapika. Safari za kuangalia magati na zahanati za visiwani ziweke Machi, tazama mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndizo siku za bamvua, na uulize nahodha saa ambayo maji hupwa kabisa.